Somo la Historia: Nyumba ya Muyinga na Nyumba ya Klaudio

Natumaini kila darasa lina redio yake mezani, na mwalimu amekwisha futa ubao. Tafadhali, mwalimu, andika maneno haya manne kwa herufi kubwa: UKOO. URITHI. MTEMI. SPIKA. Nitangoja kidogo.

Vema. Somo la leo limetoka katika swali. Juma lililopita mzee mmoja, mfanyabiashara wa mahindi hapa mpakani, alisimama darasani akaniuliza: "Bwana elimu, mbona majina ya wakubwa yanarudiarudia? Baba alikuwa mkubwa, mwana naye mkubwa, mjukuu naye mkubwa. Je, ukubwa huo uko katika damu, ama ni ujanja tu?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo ni la zamani sana, na watu wenye akili nyingi wamelijibu kwa njia mbalimbali. Nikamwambia, nipe juma moja, nitakujibu redioni. Basi, mzee wangu, kaa karibu.

Nitawasimulia habari za nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa Ulaya, katika mji wa Rumi, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Ya pili si mbali. Ukipanda basi asubuhi hapa Tunduma, ukifuata barabara kuu ya Mbeya na Makambako, jioni utakuwa Iringa. Hapo ndipo ilipo nyumba ya pili, ukoo wa Muyinga, ambao watu wengi huujua kwa jina la mtu mmoja tu, Mkwawa.

Tuanze na Rumi, nami sitakaa huko muda mrefu.

Mji wa Rumi, kwa miaka karibu mia tano, haukuwa na mfalme. Kila mwaka watu walichagua wakuu wawili, walioitwa makonsuli. Hao walitawala mwaka mmoja tu, kisha wakatoka, wakachaguliwa wengine. Kulikuwa pia na baraza kubwa la wazee, jina lake Seneti. Ukisikia hayo utafikiri kila mtu wa Rumi aliweza kuwa mkubwa. La. Ukiangalia orodha ya makonsuli utaona majina yale yale, mwaka baada ya mwaka. Nyumba chache zilishika nchi, na mtu aliyepata ukonsuli pasipo mzee wake yeyote kuupata kabla yake, Warumi walimwita "mtu mpya." Cicero, msemaji hodari kupita wote wa mji ule, alikuwa mtu mpya. Aliupata ukonsuli mwaka 63 kabla ya Kristo, na wenye majina makubwa hawakuacha kumkumbusha kwamba babu yake hakuwa mtu.

Mojawapo ya nyumba hizo kubwa ilikuwa ya Klaudio. Sasa sikilizeni jambo la ajabu: mwanzilishi wa nyumba hiyo alikuwa mgeni. Warumi walisimulia ya kwamba yapata mwaka 504 kabla ya Kristo mtu mmoja wa kabila la Wasabini, jina lake Attus Clausus, aligombana na watu wa kwao, akahamia Rumi na jamaa zake na wafuasi wake wengi. Akapewa ardhi, akaingizwa katika baraza. Wajukuu wa mgeni huyo ndio waliokuja kujivuna kuliko Warumi wote.

Yuko mmoja wao, Appius Claudius, aliyeshika kazi kubwa ya serikali mwaka 312 kabla ya Kristo. Huyu alijenga barabara kutoka Rumi kwenda kusini, ikaitwa kwa jina lake, Via Appia. Na mawe yake mengine yapo mpaka leo. Alileta pia maji mjini kwa mfereji mrefu, sehemu kubwa yake chini ya ardhi. Uzeeni alipofuka macho, lakini hata hivyo alichukuliwa akapelekwa barazani ili awakataze wenzake wasifanye amani na adui aliyekuwa bado yumo nchini mwao. Huyo alikuwa mtu.

Lakini nyumba hiyo hiyo ilimzaa Publius Claudius, jemadari wa merikebu za vita mwaka 249 kabla ya Kristo. Desturi ya Warumi ilikuwa hivi: kabla ya vita waliwatazama kuku watakatifu wakila. Kuku wakila vizuri, ni ishara njema. Siku ile kuku walikataa kula. Yasemekana Klaudio alikasirika, akawatupa baharini, akisema kama hawataki kula, basi na wanywe. Akaenda vitani, akapoteza merikebu nyingi sana. Mimi sidhani kuku walikuwa na neno katika jambo hilo. Nadhani alikuwa jemadari mbaya. Lakini Warumi walikumbuka kuku.

Yapata miaka mia moja na hamsini baadaye akazaliwa mwingine, Publius Clodius. Huyu aliona kwamba nguvu zimehama. Haziko tena kwa mabwana peke yao, ziko kwa watu wa mitaani. Iko kazi moja ya kuwatetea watu wa chini, ambayo mtu wa nyumba ya kibwana alikatazwa na sheria kuishika. Clodius akafanya nini? Mwaka 59 kabla ya Kristo alijitoa katika ukabaila wake, akafanywa mtoto wa kupanga wa mtu wa kawaida, tena kijana kuliko yeye mwenyewe, ili apate kazi hiyo. Akaipata. Akawagawia watu ngano bure, akafanya pia magenge ya wapiganaji mjini. Mwaka 52 aliuawa katika ugomvi wa njiani. Na njia yenyewe ilikuwa Via Appia, ile ile iliyojengwa na mzee wake.

Kumbukeni mambo mawili katika habari hizo. La kwanza, mwanzilishi alikuwa mgeni. La pili, mjukuu aliacha ukubwa wa kuzaliwa ili apate ukubwa wa kuchaguliwa. Tutayakuta tena nyumbani kwetu.

Neno moja zaidi la Rumi, kisha tuondoke. Katika sebule ya kila nyumba kubwa kulikuwa na makabati, na ndani yake sura za wazee waliokufa, zilizofanyizwa kwa nta. Mkubwa akifa, sura hizo zilitolewa, watu wakazivaa usoni, wakavaa na nguo za cheo cha kila marehemu, wakatembea mbele ya jeneza. Fikirini kijana mdogo akiona babu zake wote wanapita mjini, aliyejenga barabara na aliyetupa kuku. Ukoo ulishika nchi kwa mali na kwa ujanja, ndiyo, lakini pia kwa nyuso za wafu. Wekeni hilo moyoni, maana mbele tutafika penye fuvu.

Haya, tuje Uhehe.

Wazee wa Uhehe husimulia ya kwamba zamani alikuja mwindaji kutoka mbali, jina lake Mufwimi, na mufwimi kwa lugha yao ni mwindaji. Akafika Ng'uruhe, akawapa wenyeji nyama, akapendana na Semduda, binti wa mkubwa wa pale. Binti akachukua mimba. Mwindaji aliondoka, akaacha neno kwamba mtoto akiwa mwanamume aitwe Muyinga. Kisha yasemekana aliuawa na nyati. Muyinga akakua, na babu yake kwa kuwa hakuwa na mrithi mwingine, akamwachia nchi. Basi unaona? Mgeni tena! Mzee wangu wa mahindi, ukubwa wa damu hapa ulianzia kwa mtu wa kupita njia mwenye nyama begani.

Hapo kwanza Uhehe haikuwa nchi moja. Ilikuwa nchi ndogondogo nyingi, kila moja na mkubwa wake. Katikati ya karne ya 19 alitokea katika ukoo wa Muyinga mtu mwenye nguvu, Munyigumba. Huyu aliwaunganisha, wengine kwa vita, wengine kwa kuoana. Akajifunza kwa majirani, hasa Wasangu, namna ya kupanga majeshi. Kisha akawageukia hao hao waliomfundisha. Katika miaka ya 1870 aliwapiga Wasangu wa mtemi Merere, akawatoa katika nchi yao ya Usangu.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi. Merere alipofukuzwa alikuja upande wetu. Akajenga boma lenye ngome ya mawe Utengule, katika bonde la Songwe karibu na Mbalizi, na watu wakapaita Utengule Usongwe. Watu wake walihitaji chakula, ng'ombe na watumwa, nao wakavitafuta kwa Wasafwa na kwa Wanyiha. Upande wa kusini-magharibi Wabemba nao walikuwa wakiwapiga Wanyamwanga. Ndiyo maana wakati ule vijiji vingi vya huku vilizungushiwa maboma ya miti. Basi vita vilivyopiganwa Usangu, babu zetu wa Mbozi waliviona mlangoni mwao. Katika vitabu vya shule tunasoma habari za Mkwawa shujaa, na ni kweli alikuwa shujaa, lakini bibi mzee wa Kinyiha wa mwaka 1890 asingelitaja jina la Wahehe wala la Wasangu pasipo kutazama mlango. Yatupasa kuyashika yote mawili.

Munyigumba alikufa yapata mwaka 1879. Mara nyumba ikapasuka, kama zinavyopasuka nyumba nyingi mzee akifa. Alitokea Mwamubambe, mtu aliyekuwa ameoa katika nyumba ya mtemi, akataka kiti. Mwana wa Munyigumba, kijana wa miaka ishirini na kitu, alilazimika kukimbilia Ugogo. Kijana huyo alizaliwa yapata mwaka 1855, na jina lake Mkwavinyika, maana yake mwenye kuzishinda nchi. Sisi tumelifupisha, twasema Mkwawa. Alirudi na watu, akapigana na Mwamubambe mahali palipoitwa baadaye Ilundamatwe, yaani mahali vichwa viliporundikwa. Jina lenyewe lasema habari yote. Akashinda, akatawala.

Angalieni sana hapo. Mkwawa hakuurithi utemi kama mtu anavyorithi panga la baba yake, amekufa jioni, asubuhi unalichukua. Jina la baba lilimpa haki ya kudai. Kiti alikichukua mwenyewe.

Mji wake ulikuwa Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo. Akauzungushia ukuta mrefu, mnene, na jina la Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Pembe za ndovu na watumwa wa vita vilitoka kwake vikaenda pwani, bunduki na baruti na nguo vikaja. Wajerumani walipofika pwani wakataka njia ya biashara iwe yao, na Mkwawa alikuwa akitoza hongo katika njia hiyo. Hawakuweza kukaa pamoja.

Mwaka 1891 Wajerumani walimtuma Emil von Zelewski na jeshi. Watu walimwita Nyundo, kwa ukali wake. Alipita akichoma vijiji. Tarehe 17 Agosti, Lugalo, karibu na Iringa, Wahehe walikuwa wamejificha katika mawe na vichaka. Msafara ulikuwa mrefu, mtu nyuma ya mtu, mizinga imefungwa juu ya punda. Ikatolewa ishara, mikuki ikatoka pande zote. Katika muda mfupi Zelewski alikuwa amekufa, na Wazungu wengine 9, na askari zaidi ya 200. Hata leo liko jiwe la ukumbusho ambalo Wajerumani walisimamisha Lugalo kwa ajili ya watu wao.

Wahehe nao walipoteza watu wengi, jambo ambalo husahauliwa. Yasimuliwa kwamba Mkwawa alikataza maombolezo ya wazi, ili adui asijue hasara yake.

Mmoja wa majemadari wa siku ile alikuwa Mpangile, ndugu wa Mkwawa. Mwalimu, liandike jina hilo, MPANGILE, maana mtu huyu husahauliwa mno, na mimi naona yeye ndiye mwenye habari nzito kupita zote.

Wajerumani walirudi. Tarehe 30 Oktoba 1894, chini ya Gavana von Schele, waliivunja Kalenga kwa mizinga na kuiingia. Mkwawa akatoroka. Kwa miaka karibu minne akawa porini, leo huku, kesho kule, na watu wakampelekea chakula kwa siri. Mjerumani aliyepewa kazi ya kumkamata alikuwa Tom von Prince, aliyeitwa na watu Bwana Sakarani. Prince aliona ya kwamba bunduki hazitoshi. Akafikiri, nikimweka mtu wa ukoo ule ule katika kiti, watu watamfuata huyo, watamwacha Mkwawa. Hiyo ni hila ya kale. Warumi waliijua sana.

Basi mwishoni mwa mwaka 1896 Mpangile, aliyekuwa amejisalimisha, akatawazwa kuwa mtemi wa Uhehe mbele ya Wajerumani. Jemadari wa Lugalo sasa anakaa katika kiti alichopewa na ndugu za wale aliowaua. Alikuwa anafikiri nini? Labda alitaka watu wapumzike na vita, wakalime, maana njaa ilikuwa kubwa. Labda alitaka kiti. Labda alitaka kukaa karibu na adui ili amsaidie ndugu yake. Wajerumani walishika hilo la mwisho. Mambo ya Mkwawa yalizidi kwenda vizuri, naye akawa anajua mipango yao kabla haijatendwa. Mapema mwaka 1897, hata miezi mitatu haijatimia tangu kutawazwa, walimkamata Mpangile, wakamwua, pamoja na wakubwa wengine.

Tunamwita nani mtu huyo? Msaliti? Shujaa wa siri? Nimesoma na nimewauliza wazee, na kila mmoja ana jibu lake. Mimi naona ya kwamba jina la ukoo lilimwua. Kama angalikuwa mtu wa kawaida, Prince asingalimtaka. Na kama asingalitakiwa, huenda angalikufa mzee, anaota moto na wajukuu.

Mkwawa mwenyewe alifikia mwisho wake tarehe 19 Julai 1898, mahali paitwapo Mlambalasi. Alikuwa mgonjwa, amebaki karibu peke yake, na Wajerumani wameweka zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Aliposikia wafuasi wa adui wamekaribia, alijipiga risasi. Askari wa Kijerumani, Sajini Merkl, alimkuta amekufa. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa kwa Prince, na baadaye fuvu likachukuliwa.

Na sasa, ndugu wasikilizaji, tumefika penye fuvu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa yalikutana Ufaransa, na mwaka 1919 yakaandika Mkataba wa Versailles. Mkataba ule uligawa nchi na mali, ukatoza fidia kubwa. Na katika kifungu cha 246, pamoja na amri ya kurudisha Kurani ya Khalifa Uthmani kwa mfalme wa Hijazi, imeandikwa kwamba Ujerumani itoe fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Kichwa cha mtu wa Kalenga kimo katika mkataba mmoja na mipaka ya Ulaya! Lakini miezi sita ikapita, ikapita miaka. Wajerumani walisema hawalijui lilipo.

Ndipo Gavana Twining wa Tanganyika alipofuatilia jambo hilo, na mwaka 1953 akaenda katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Bremen. Huko alikuta mafuvu kama 2,000, na baadhi yake yalitoka Afrika Mashariki. Wakatafuta yale ambayo vipimo vyake vilikaribia vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai, na katika hayo wakaona moja lenye tundu la risasi. Hilo ndilo lililoletwa. Wako wanahistoria wanaotilia shaka kama kweli ni lake. Tarehe 19 Juni 1954, Kalenga, Twining alilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, mbele ya watu wengi sana. Mpaka leo fuvu limo Kalenga katika nyumba ya makumbusho, ndani ya kabati la kioo, na ada kidogo ukitoa utaliona.

Wakumbukeni Warumi na sura zao za nta. Sidhani nahitaji kuongeza neno.

Lakini Adam Sapi ni nani, naye alikipataje kiti? Turudi nyuma kidogo. Waingereza walipotwaa nchi, Gavana Cameron katika miaka ya 1920 alitaka kutawala kwa mikono ya watemi wa asili. Basi mwaka 1926 Sapi, mwana wa Mkwawa, akarudishwa katika kiti cha Uhehe. Alikaa mpaka mwaka 1940, Waingereza wakamwondoa, wakamweka mwanawe, Adam, kijana wa miaka 20 tu. Hapo pana jambo la kuangalia: serikali ya kikoloni iliweza kumwondoa mtemi, lakini haikuthubutu kuuacha ukoo. Ilijua kwamba mtu mwingine asingetiiwa. Basi hata mshindi alifungwa kamba na jina la aliyeshindwa.

Chifu Adam alikuwa mtu mpole katika maneno, tena mwenye kusikiliza. Katika miaka ya 1940 aliingia Baraza la Kutunga Sheria Dar es Salaam, akiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuketi humo. Vuguvugu la uhuru lilipokuja, machifu walikuwa njia panda. Wengine waliona TANU ni chama cha vijana wanaotaka kuwanyang'anya mikeka. Wengine wakaunga mkono. Nyerere mwenyewe, msisahau, alikuwa mtoto wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki. Lakini hakuomba kura kwa jina la baba yake.

Tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962, nchi ilipokuwa karibu kuwa Jamhuri, Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa Bunge, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, baada ya Abdulkarim Karimjee. Na mwaka 1963 sheria ya machifu ikafutwa. Yaani katika muda wa miezi michache tu mtu huyu alipata kiti kimoja na kupoteza kingine. Cheo alichokishika babu yake kwa mkuki, kilichomwua Mpangile, kilichorudishwa na Cameron, kilifutwa kwa kura za Bunge, na Spika wa Bunge hilo alikuwa yeye.

Wakati huo wako machifu waliochukia. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyekuwa waziri katika serikali ya uhuru, alijiuzulu mwaka 1963. Adam Sapi alibaki. Kwa nini? Sitajitia kuusoma moyo wa mtu. Lakini nawarudisha kwa Clodius wa Rumi, aliyeuacha ubwana ili ashike kazi ya watu. Tofauti ni hii: Clodius alifanya hivyo kwa haraka na kwa tamaa, akamaliza maisha yake njiani akivuja damu. Chifu Adam alikaa kitini mpaka mwaka 1973, akampisha Erasto Mang'enya kwa muda wa miaka miwili hivi, akarudi mwaka 1975, akaendelea mpaka mwaka 1994, aliposhika Pius Msekwa. Jumla yake ni kama miaka 30. Alianza katika Bunge la Tanganyika, akaona Muungano wa mwaka 1964, akaona chama kimoja mwaka 1965, akaona katiba ya mwaka 1977, akaona vyama vingi vikirudi mwaka 1992. Alifariki tarehe 25 Juni 1999.

Je, Spika hutawala? Mwalimu, onyesha lile neno la nne ubaoni. Spika huongoza mazungumzo. Humpa huyu nafasi ya kusema, humnyamazisha yule. Mbele yake, akiingia ukumbini, huchukuliwa siwa. Wengi wetu tumeona siwa katika televisheni, tukafikiri ni desturi ya Waingereza tu. Desturi ni yao, lakini jina ni letu: zamani siwa ilikuwa baragumu kubwa ya watawala wa pwani, wa Pate na Lamu, iliyopigwa siku za heshima. Basi mjukuu wa mtemi alitembea nyuma ya siwa kwa miaka 30, naye hakuwa na jeshi, wala ng'ombe wa kodi, wala ruhusa ya kupiga kura kwa hasira.

Mzee wangu wa mahindi bila shaka anasema, "Umeniambia habari ndefu, hujanijibu." Haya, nitajibu kadiri niwezavyo.

Damu peke yake haikumfanya mtu yeyote katika nyumba hii. Kama ni damu, Mpangile na Mkwawa walikuwa nayo sawasawa, na Sapi alikuwa nayo kama Adam. Lakini siwezi kusema jina si kitu. Mtoto wa nyumba kubwa hukua akisikia baraza linavyosemwa. Hujua nani agawiwe pombe kwanza, na nani asikatwe neno. Hupelekwa shule mapema. Watu humfungulia mlango kabla hajabisha. Mtoto wa mkulima wa Ileje, hata awe na akili kama wembe, hubisha mara kumi. Hiyo ndiyo mali halisi inayorithiwa, nayo haimo katika damu, imo katika sebule. Nasi ambao tumeanza kusoma tukiwa na mvi, tunajua vizuri mlango ule una uzito gani.

Tena jina ni deni. Liko chini ya kioo Kalenga, kila mtu alitazama. Katika miaka 30 ya Adam Sapi hakuna siku aliyoweza kusema neno la kipumbavu Bungeni bila watu kusema, "Na huyu ni mjukuu wa Mkwawa!" Mimi nikisema neno la kipumbavu redioni, mtasema tu, "Bwana elimu leo amechoka."

Saa yangu inanionyesha dakika chache. Sasa kazi ya darasa.

Kwanza, kila mwanafunzi aandike katika daftari lake majina ya wazee wake, baba, babu, na baba wa babu, kadiri anavyoyajua. Akina mama waandike na upande wa mama pia. Nyumba ya Muyinga isingalikuwako bila Semduda, nasi tumelitaja jina lake mara chache mno.

Pili, mkafanye mazungumzo juu ya Mpangile. Nusu ya darasa imtetee, nusu imshitaki. Msigombane.

Tatu, kabla ya Jumatano ijayo, kila mmoja aende kwa mzee wa kijijini kwake, amwulize: mkubwa wa mwisho wa hapa kwetu, kabla ya mwaka 1963, alikuwa nani, na watoto wake wanafanya kazi gani leo? Mwandike jibu, hata likiwa mistari mitatu. Walio Tunduma mjini wanaweza kuvuka wakawaulize jamaa zao wa Nakonde, maana Wanyamwanga mpaka umewagawa lakini wazee wao ni wale wale, na huko Zambia machifu wangali wapo kwa sheria. Mtatuletea majibu, nasi tutasoma baadhi yake hapa redioni.

Juma lijalo somo litahusu boma la Merere pale Utengule: nani walilijenga, na nani walibeba mawe. Mwalimu, unaweza kufuta ubao. Kwaherini.